Mama kalala: kisa cha mama lishe wa Keko na Jumapili yake

Alfajiri ya Jumatano moja dada yangu alisinzia mbele ya karai la mafuta. Hakuanguka. Kichwa kiliinama tu, mkono ulioshika kijiko cha matundu ukateleza, na mafuta ya maandazi yakamrukia kuanzia kifundo cha mkono hadi karibu na kiwiko. Msaidizi wake akamtumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji baridi na kuzima jiko. Halafu, kwa amri ya dada mwenyewe, akaliwasha tena, maana yalibaki maandazi 35 hayajakaangwa.

Zahanati alikwenda mchana, baada ya wateja kula. Nesi alimfunga kidonda, akampima na presha: 158 kwa 97. Akamwandikia tarehe ya kurudi, kisha akamwambia, "Mama, unahitaji kupumzika." Dada akaitikia "Haya, nesi," kama mtu aliyeambiwa akanunue ghorofa Masaki.

Kisa hiki nimekiandika kwa ruhusa yake, na mambo machache nimeyabadilisha ili asijulikane. Mimi ni mhasibu wa biashara ndogondogo. Kazi yangu ni kukaa na daftari la mtu mpaka fedha inayopotea ionekane inakopotelea. Nilidhani saa nazo zingefuatiliwa hivyo hivyo. Kwa sehemu nilikuwa sahihi. Sehemu niliyokosea ndiyo yenye mafunzo, na nitaikawilia zaidi.

Siku yake

Dada ni mama lishe. Anakaa Mtoni Mtongani, Dar es Salaam, na kibanda chake kiko Keko, katikati ya karakana za samani, kwa hiyo wateja wake wengi ni maseremala, wapaka vanishi, wapigaji msasa na vijana wa kubeba makochi. Ana miaka 44 na watoto watatu: mvulana wa kidato cha tatu, binti wa darasa la sita, na wa mwisho mwenye miaka mitano. Shemeji ni mlinzi wa usiku kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere, anaingia saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi.

Nilikaa naye wiki nzima, nikiwa na saa ya mkononi na daftari.

Anaamka saa 9 na nusu usiku. Unga wa maandazi ameukanda kabla ya kulala na umeshaumuka. Anasukuma na kuchoma chapati 40, kazi ya saa moja na robo kama jiko halimsumbui. Saa 11 bajaji iko mlangoni, wanapakia sufuria, hotipoti, ndoo na beseni la unga. Kibandani anakaanga maandazi na kuchemsha chai na supu ya utumbo. Wateja wa chai wanaanza saa 12 na nusu na kukatika kama saa 4. Hapo wali na maharage tayari viko jikoni, mchicha unachambuliwa, samaki wanakwaruzwa magamba. Ugali unasongwa saa 6, kwa sababu seremala hali ugali uliopoa. Chakula cha mchana kinakwenda hadi saa 9. Halafu vyombo, halafu madeni: dada anapita karakana moja baada ya nyingine na daftari lake, kila mmoja anaahidi "mwisho wa wiki, mama." Kisha Soko la Stereo, Temeke, kutafuta nyanya, samaki na mchicha wa kesho. Nyumbani anafika saa 12 na nusu jioni.

Hapo nilikuwa nimehesabu saa 15, na nikataka kufunga daftari. Nashukuru sikulifunga. Aliweka mizigo chini, akajifunga kanga nyingine, akaanza kupika chakula cha nyumbani. Akakagua madaftari ya shule. Akachagua maharage, akakanda unga, akasugua sufuria zilizobaki na masizi. Alilala saa 5 kamili. Kutoka saa 5 hadi saa 9 na nusu ni saa nne na nusu za usingizi, wakati wataalamu wa usingizi wanashauri mtu mzima asipungukiwe saa saba.

Kwa wiki, kibanda peke yake kilimchukua saa 102: saa 15 kwa siku sita na saa 12 Jumapili. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa utafiti wa pamoja: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na wa saa 35 hadi 40. Nilimsomea dada. Akaniuliza kama hao waliopimwa walikuwa na watoto wa shule.

Mtu atasema sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, saa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Lakini inamlinda aliyeajiriwa. Dada hana bosi wa kumshtaki. Katika kibanda kile mwajiriwa ni mmoja tu, yule msaidizi, naye alikuwa akifanya kazi siku saba. Dada hakuwa amewahi kujifikiria kama mwajiri. Nilipolisema hilo alinyamaza muda, kisha akaniambia nisogeze ile sufuria.

Nilipokosea mara ya kwanza

Nilimchorea ratiba. Naona aibu kuandika, lakini ndivyo: karatasi ya manila, peni za rangi, mistari iliyonyooka. Kazi kwa bluu, familia kwa kijani, MAPUMZIKO kwa herufi kubwa nyekundu, saa 10 hadi saa 11 jioni. Dada aliisifia sana. Aliibandika ukutani karibu na kalenda ya mwaka juzi. Wiki mbili baadaye niliikuta imejalidia daftari la Sayansi la binti yake, neno mapumziko likiwa limekunjwa ndani.

Ratiba inamfaa mtu ambaye saa zake ziko mkononi mwake. Za dada zilikuwa kwa watu wengine, na kila mmoja ana kipande chake: seremala ana njaa yake saa 6 na nusu, soko lina saa yake ya bei nafuu, mtoto ana mtihani. Na yupo mmoja ambaye sikuwa nimemweka kwenye daftari kwa sababu dada hakunitajia. Nilimwona siku ya tatu. Kijana wa pikipiki, shati limenyooshwa vizuri, begi dogo kifuani. Alisimama pembeni ya kibanda saa 10 jioni bila kuagiza kitu. Dada akafungua mfuko wa aproni, akahesabu, akampa. Kijana akatia sahihi kwenye kadi na kuondoka. Hata salamu ilikuwa fupi.

"Nani yule?"

"Wa marejesho."

Hiyo ndiyo kausha damu. Asiyeifahamu na aombe asiifahamu. Dada alichukua shilingi 300,000 mwezi Januari kwa ajili ya sare, madaftari na kodi ya kibanda. Marejesho ni shilingi 13,000 kila siku kwa siku 30, jumla 390,000. Akimaliza, au hata kabla ya kumaliza, anapewa mwingine. Nilipokutana na kadi ile alikuwa kwenye mzunguko wa nne. Na kila siku maana yake ni kila siku: kijana yule hajui Jumapili.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza dada anaweza kupumzika saa ngapi. Nikauliza Jumapili inamwingizia nini.

Hesabu ya Jumapili

Siku ya kawaida kibanda kinauza kama shilingi 120,000. Vyakula ni 74,000, mkaa 8,000, bajaji 6,000, msaidizi 5,000, ushuru 1,000. Jumla 94,000, zinabaki 26,000, na nusu yake kamili inaondoka na kijana wa pikipiki.

Jumapili karakana nyingi zimefungwa. Wanakuja wachache wanaolala humo humo, na wenye oda za haraka. Dada aliuza 41,000. Vyakula 27,500, mkaa 4,000, bajaji ile ile 6,000, msaidizi yule yule 5,000. Ushuru hakuna, siku hiyo mkusanyaji hapiti. Jumla 42,500.

Nilirudia hesabu mara tatu, halafu nikamwita. Kila Jumapili alikuwa akilipa shilingi 1,500 kutoka mfukoni ili asipumzike.

Hakuniamini, na sababu yake ina akili. Jumapili jioni ana noti 41,000 mkononi, anamlipa kijana 13,000, na bado zinabaki nyingi. Anaona mkono umejaa. Asichokiona ni kwamba maharage na mchele alivyopika vilinunuliwa kwa fedha ya Jumamosi, na Jumatatu lazima virudishwe. Mkopo wa kila siku unakufundisha kuangalia mkono wako kila siku. Wiki huioni kabisa. Nimekutana na watu wenye maduka makubwa kuliko kibanda hiki wanaofanya kosa hilo hilo, tena wakiwa na kompyuta.

Alikuwa na hoja ya pili: "Wateja wakinikosa Jumapili, Jumatatu watakuwa wamezoea kwa mwenzangu." Hiyo haijibiwi kwa maneno. Tukakubaliana afunge Jumapili nne, tupime Jumatatu zake. Kabla ya hapo Jumatatu ilikuwa ikiuza wastani wa 118,000. Jumatatu nne baada ya kufunga zilitoa wastani wa 121,000. Sidai kwamba kufunga kuliongeza mauzo, tofauti ni ndogo mno. Kuogopa tu hakukuwa na msingi. Alipoteza mteja mmoja, fundi rangi anayelala karakana, ambaye hadi leo anamnunia.

Lakini 13,000 ya Jumapili ilibaki pale pale. Huwezi kufunga siku ambayo mtu anakuja kudai.

Dada yumo kwenye kikoba cha akina mama 25, mtaani kwao. Nilimuuliza kwa nini hakukopa huko. Majibu yalitoka polepole: kikoba kinataka wadhamini wawili, fedha inatolewa siku ya kikao tu, na Januari alipohitaji alikuwa ameshakosa hisa za wiki mbili. Aliona haya kusimama mbele ya wenzake. Kausha damu haina kikao. Unapeleka kitambulisho na picha ya friji kama dhamana, jioni unarudi na fedha. Watu huilaumu riba, na wana haki. Kwa maoni yangu, kinachouzwa pale hasa ni kusitiriwa, na watu hulipia sitara ghali kuliko wanavyokubali.

Alisimama kwenye kikao. Walimsema kidogo, wakampa. Alikuwa amebakiza siku 18 za marejesho, yaani 234,000. Kikoba kikampa 240,000 kwa asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi mitatu, riba jumla 36,000. Kwa wiki 12 ni 23,000 kila wiki, analipa Jumamosi. Huko alikotoka ilikuwa 91,000 kwa wiki. Kwenye karatasi nilimwonyesha kwamba hajapunguziwa kitu katika deni lile, kaongeza 36,000 juu yake, kwa sababu yule mkopeshaji hapunguzi riba hata ukimaliza mapema. Alichopata ni wiki yenye siku moja isiyo na mdai, na kukataa mzunguko wa tano. Akaniambia, "Mdogo wangu, 36,000 nimeshawahi kulipia kitambaa cha harusi ya mtu nisiyemjua."

Mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, tuliitazama pia. Inatolewa kwa kikundi kilichosajiliwa, na ilisimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurudi 2024. Kikoba chao sasa kinafuatilia usajili. Kwa mtu aliyekwisha kuungua mkono haikuwa dawa ya wiki ile.

Jumapili ikapata wenyewe

Hapa nilijiona nimemaliza kazi. Deni limehamishwa, hesabu imethibitika, kibanda kimefungwa. Jumapili ya kwanza nilimpigia saa 5 asubuhi kumuuliza amelalaje.

Alikuwa Mbagala kwenye msiba.

Jumapili ya pili ilikuwa kikao cha harusi ya mtoto wa jirani, wakamchagua kamati ya chakula, maana nani mwingine? Ya tatu alifua. Alifua mashuka, mapazia, sare, na zulia ambalo halijaguswa tangu Idi. Saa 10 jioni alikuwa amechoka kuliko Ijumaa, na presha haikuwa imeshuka hata kidogo.

Jumapili yake ilipojulikana iko wazi, ikapata wenyewe. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu. Watu wa pwani tunaishi kwa kuhudhuriana. Asiyekwenda kuzika, naye ana siku yake. Lakini mwanaume aliyelala Jumapili huambiwa "amepumzika," na mwanamke aliyelala Jumapili huulizwa anaumwa nini. Dada alikuwa anakimbia swali hilo kwa kufua zulia.

Jibu lilikuwamo ndani ya nyumba siku zote, na nilikuwa nikilipita kwa kunyata. Shemeji anarudi lindoni, anakunywa chai, saa 2 asubuhi analala hadi saa 8 mchana. Siku za likizo nyumba ile mchana inakuwa kama msikiti. Redio inazimwa. Watoto wanacheza uani kwa kunong'ona. Mgeni akibisha hodi anajibiwa kwa ishara, kidole mdomoni: "Baba kalala." Muuza samaki anayepita akipiga kelele anajua, akifika ukuta ule anashusha sauti.

Saa sita kila siku, na hakuna ratiba yoyote ukutani. Shemeji hana nidhamu ya ajabu ya kutafuta muda. Usingizi wake una walinzi watano, na mkuu wao ni dada. Wa dada ulikuwa hauna hata mmoja. Katika wiki yangu yote ya kuandika sikusikia mara moja mtoto akisema "mama kalala," na huwezi kumwandika mtu kwenye daftari kwa jambo ambalo hata sentensi yake haipo.

Nilizungumza na shemeji barazani, jioni moja kabla hajaenda kazini. Sikumhubiria, ni mkubwa wangu na ameoa kwetu. Nilimwonyesha tu daftari, ukurasa wa saa nne na nusu, na ukurasa wake wa saa sita. Alisoma polepole. Akasema, "Kumbe mimi ndiye tajiri humu ndani." Baadaye aliniambia kilichomuuma ni ule mkono. Alikuwa ameuona umefungwa bendeji na akakubali alivyoambiwa, kwamba ni ajali ya mafuta.

Alikuwa na usiku mmoja wa mapumziko kwa wiki, Jumatano, ambao ulikwishia kwenye bao. Aliomba kazini ahamishiwe Jumamosi. Sasa Jumapili asubuhi yuko nyumbani, amelala usiku kama watu wengine, na nyumba ni yake hadi saa 7 mchana. Simu ya dada inakaa kwake. Akipigiwa kuhusu kikao anajibu, "Amelala, nimpe ujumbe gani?" Mara ya kwanza aliyepiga alikata simu, akidhani kakosea namba. Mtaani walishaanza kusema dada kampa limbwata. Shemeji anacheka, dada anasema lingekuwa lipo angelitumia zamani.

Kwenye kazi za usiku nusura tuharibu. Tulipokaa kugawana, kila kitu kilikuwa kinateleza kuelekea kwa binti wa darasa la sita: maharage achague yeye, vyombo aoshe yeye, mdogo wake amwogeshe yeye. Hakuna aliyepanga hivyo, ndiko mteremko uliko. Dada ndiye aliyesimamisha. Akasema yeye mwenyewe alianza hivyo, akiwa darasa la sita. Maharage na sufuria vikaenda kwa mvulana, ambaye alinuna siku nne na kisha akazoea, akisugua sufuria huku amechomeka vipokea sauti masikioni. Dada sasa analala saa 4 na robo usiku.

Upande wa asubuhi ulihitaji fedha. Yupo mwanamke Keko anayepika chapati za jumla na kuzileta kibandani saa 12. Chapati ya dada inamgharimu kama shilingi 270. Ya jumla ni 350. Kwa chapati 40 tofauti ni 3,200 kwa siku. Dada alikataa kabisa, akaona ni kutupa fedha. Nilimkumbusha kwamba riba ya kausha damu, 90,000 kwa siku 30, ilikuwa 3,000 kila siku, na hakuwahi kuiita kutupa fedha. Alifikiria wiki nzima. Alichokipima mwishowe hakikuwa fedha, aliagiza chapati mbili na kuzila kwanza. "Zinapasuka pembeni," akasema, "lakini zinalika." Sasa anaamka saa 10 na nusu.

Ukijumlisha, usingizi wake umetoka saa nne na nusu hadi saa sita na robo. Bado hazijafika saba. Usingizi wa mchana, kwenye mkeka nyuma ya kibanda baada ya chakula, unafanikiwa siku mbili au tatu kwa wiki. Wadaiwa wake wana tabia ya kuja kulipa wakati amelala, na wakikuta amelala hawarudi. Kelele za mashine ya randa hazimsumbui, anasema ni kama mvua ya masika juu ya bati. Zahanati walimwanzishia dawa ya presha na anaimeza. Sitaki mtu asome hapa akaacha yake akidhani Jumapili inatosha.

Na kuna hesabu moja ambayo haijakaa sawa. Msaidizi analipwa kwa siku. Tulipofunga Jumapili tulimpa pumziko ambalo sheria ilikuwa ikimdai dada tangu mwanzo, lakini pia tulimkata 5,000. Dada alipandisha malipo kuwa 5,500 kwa siku. Siku sita ni 33,000. Siku saba za zamani zilikuwa 35,000. Kwa hiyo pumziko la msaidizi yule linamgharimu yeye 2,000 kila wiki, na aliliona kabla yangu. Hakulalamika. Aliniuliza tu, siku moja nikihesabu vyombo, kama mhasibu anaweza kuona kosa kwenye daftari aliloliandika mwenyewe. Dada ameahidi kulipa siku saba kamili kwa kazi ya siku sita deni la kikoba likiisha. Limebakiza wiki tatu, na nimeliandika.

Jumapili iliyopita nilipita bila taarifa, saa 4 asubuhi, nikiwa na nanasi. Yule wa mwisho alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba mlango.

"Shikamoo mjomba. Mama kalala."

"Marahaba. Basi nipite nimsubiri ndani."

"Baba kasema usubiri nje."

Nikazunguka barazani. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachagua maharage ya Jumatatu kwa zamu aliyokopwa na mwanawe aliyekwenda mpirani. Alikuwa anatupa mazima na kuacha vijiwe. Nikasogeza kiti, nikachukua upande wangu wa ungo, na tukaendelea kwa kunong'ona hadi saa 6 na dakika kumi, mlango wa chumbani ulipofunguliwa.